Mama wa bibi harusi, usichome vyote siku moja

Swali: "Daktari shikamoo. Nina miaka 48, naishi Ngamiani hapa Tanga. Binti yangu anaolewa katikati ya Desemba, na sasa tuko Julai. Mwaka jana niliambiwa nipunguze uzito kwa ajili ya presha. Nimeacha ugali wa usiku, natembea Raskazone kila asubuhi, nimepunguza kilo 14 na namshukuru Mungu. Ila uso umenisinyaa: mashavu yameingia ndani, mifereji ya mdomoni imezama, na kwenye picha natoka na ndita kama nimenuna. Kuna dada wa saluni anakuja kutoka Dar kila mwezi na dawa zake. Anasema tukikusanyika wanawake watano nyumbani kwa mmoja wetu atatufanyia bei ya kundi: ya kulegeza mikunjo, ya kujaza mashavu, na mimi ataninyanyulia na pua kidogo, yote siku moja. Anataka kuja wiki moja kabla ya harusi ili tuwe freshi. Nameza vidonge vya presha na aspirini ndogo. Je, sindano hizi zinachanganyika? Nianze na ipi? Na bibi harusi naye tumchome?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera mara mbili, kwa binti na kwa kilo hizo. Presha haichezewi, na huo uso uliosinyaa umetokana na kazi njema uliyoufanyia moyo wako. Kwa kuwa umezitafuta kilo hizo mwenyewe, sishtuki. Msomaji mwingine ambaye mashavu yamemwingia bila kujinyima chochote asitafute wa kumjaza. Aende kwanza akapime sukari, VVU, kifua kikuu na tezi ya shingo, kwa sababu shavu linaloisha lenyewe lina jambo linaeleza, na kulijaza ni kulifunika.

Kwa swali lako: ndiyo, sindano hizi huchanganyika, na mara nyingi mbili zikifuatana vizuri hutoa sura ambayo moja peke yake haiwezi. Lakini wiki moja kabla ya harusi, hapana. Sebuleni kwa bei ya kundi, hapana. Pua, hapana kabisa. Sababu zake nitazifikia. Kwanza nataka tuelewane kwamba uso hauna tatizo moja linaloitwa uzee. Una mambo kadhaa yaliyokaa pamoja kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na mlango wake. Anayekuja na furushi la dawa zote kwa siku moja hajakutazama bado.

Jitazame mwenyewe. Simama dirishani mchana, bila poda, na kioo mkononi. Tulia kabisa, usinune wala usicheke. Halafu kunja uso kwa makusudi kama mtu kakuudhi. Mistari inayotokea ukikunja na kuondoka ukitulia ni ya misuli. Inayobaki hata ukitulia ni ya misuli iliyokwisha kuichonga ngozi kwa miaka, na hiyo sindano ya misuli huipunguza, haiifuti. Sasa lala chali kitandani na kioo juu ya uso. Mashavu yatarudi nyuma kuelekea masikioni, na ile mifereji ya kutoka puani hadi pembe za mdomo itapungua mbele ya macho yako. Ikipungua, basi mfereji wako ni kivuli cha shavu lililoshuka. Ukiujaza wenyewe na shavu ukaliacha lilivyo, sehemu ya chini ya uso inakuwa nzito na mdomo unatokeza mbele. Nimewaona wanawake wengi wametendewa hivyo, na wote walikuwa wamelipa ili waonekane wepesi.

Kwetu wenye ngozi nyeusi shavu lina uzito wake wa pekee. Rangi yetu hutukinga na sehemu kubwa ya madhara ya jua, kwa hiyo mikunjo midogo huchelewa. Kinachotangulia ni kupungua kwa mafuta na mfupa katikati ya uso: chini ya macho panazama, shavu linashuka, na rangi inaingia mabaka. Mafunzo mengi ya sindano yameandikwa juu ya nyuso za Kizungu, ambazo mikunjo ya paji la uso huziwahi, ndiyo maana kila mtu huanzia hapo. Kwa ulivyonieleza, nadhani shavu ndilo lenye neno, ndita zinafuata, na mifereji huenda isihitaji chochote.

Sindano ya misuli ndiyo watu wanaiita Botox, ingawa hilo ni jina la bidhaa moja na ziko nyingine kama Dysport. Ndani yake mna sumu ya bakteria wa Clostridium botulinum kwa kiasi kidogo mno. Inazuia neva isitoe kemikali inayouamuru msuli ukaze. Msuli haufi, unapumzishwa tu. Aliyeitengeneza kuwa dawa ni daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco, aliyekuwa akitibu makengeza, na Marekani iliiidhinisha kwa magonjwa ya macho mwaka 1989. Mke na mume wa Vancouver, Jean Carruthers wa macho na Alastair Carruthers wa ngozi, ndio waliogundua kwamba wagonjwa waliochomwa kwa sababu ya kope zinazofumba zenyewe walikuwa wanapoteza na ndita. Idhini ya urembo ilitoka Marekani mwaka 2002, na ilikuwa kwa ajili ya ndita tu. Dawa hii imezaliwa hospitali, na ikipita mlango wa saluni inabaki kuwa dawa ya hospitali.

Haifanyi kazi siku ile ile. Utaanza kuona siku ya tatu hadi ya tano, na siku ya 14 ndipo inapokamilika. Hukaa miezi mitatu hadi minne. Kwa ndita, kipimo kilichoidhinishwa cha Botox ni yuniti 20 zikigawanywa sehemu tano, na cha Dysport ni yuniti 50. Unaona kwamba yuniti ya huyu si yuniti ya yule. Mtu akikwambia "nitakuchoma yuniti 50" bila kutaja dawa gani, hajakwambia kitu.

Paji la uso lina mtego ambao wengi huujua wakishaumia. Msuli wa paji ndio pekee unaonyanyua nyusi. Ukilegezwa huo na ile ya katikati ya nyusi inayovuta chini ikaachwa, nyusi zinaporomoka na uso unaonekana umechoka kuliko mwanzo. Zaidi ya hapo, wanawake wa rika lako wengi hulitumia paji kushikilia kope bila wao kujua. Jipime: fumba macho, weka kiganja juu ya paji ulizuie lisipande, kisha fumbua. Kope zikibaki nzito zimekaa juu ya mboni, paji lako lina kazi nyingine, na liguswe kidogo sana au liachwe.

Sindano ya kujaza, yaani fila, ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni jeli inayokaa pale ilipowekwa. Ninayoikubali kwa mtu wa mara ya kwanza ni ya asidi ya hayaluroni, kitu ambacho mwili unacho tayari kwenye ngozi na kwenye viungo. Hudumu kama miezi sita hadi mwaka na nusu, kutegemea aina yake na mahali ilipowekwa. Ninaipendea jambo moja kuliko yote: inafutika. Kuna kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidesi ambacho kikichomwa pale huiyeyusha. Ziko fila za kalisi, na ziko za asidi ya polilaktiki zinazoichochea ngozi ijitengenezee kolajeni, nyuzi zinazoishikilia ngozi, taratibu kwa miezi. Mikononi mwa mjuzi ni nzuri, lakini hakuna cha kuziyeyusha, na kwa mtu mwenye tarehe iliyofungwa na kadi zilizokwisha kugawiwa sizishauri. Silikoni ya maji usiikaribishe hata ukipewa bure. Haitoki, na mabonge yake yanaweza kuja miaka baadaye.

Bomba moja la fila kwa kawaida ni mililita 1. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kwa hiyo bomba mbili, moja kila shavu, hazifiki hata nusu ya kijiko, na kwa uso wako mwanzo huo unatosha. Wenye nyuso za kuvimba unaowaona mitandaoni wengi wao walifikishwa huko na haraka. Siku za kwanza fila huwa na uvimbe wake, upande mmoja mara nyingi kuliko mwingine. Wiki ya pili inatulia, na ya nne ndiyo sura yako halisi. Anayeongeza siku ya tatu ili "kusawazisha" anausawazisha uvimbe, na uvimbe ukishuka hitilafu inabaki.

Nizungumzie hatari, na hapa sitapunguza neno. Uso una mishipa mingi ya damu, na fila ikiingia ndani ya ateri huziba njia. Ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa. Mishipa ya puani, ya katikati ya nyusi na ya paji imeungana na ile inayolisha jicho. Jeli ikisukumwa kwa nguvu inaweza kurudi nyuma hadi njia panda ya jicho, kisha ikateremka na damu hadi kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hapo mtu hupofuka akiwa bado amekaa kitini. Ni nadra, lakini kwa waliopatwa, pua na katikati ya nyusi ndizo zinazoongoza. Retina isiyopata damu haivumilii sana zaidi ya saa moja na nusu. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Umepanda basi, unaujua mwendo wake. Sasa unaelewa kwa nini nimekataa pua, tena sebuleni.

Ngozi iliyozibwa hutoa ishara, lakini ishara zilizoandikwa vitabuni ni za ngozi nyeupe: weupe wa ghafla, kisha michoro ya zambarau kama wavu. Kwako weupe huo unaweza kuonekana kama kijivu au usionekane kabisa. Tazama ufizi na upande wa ndani wa mdomo, ambako rangi ni nyepesi. Bonyeza ngozi kwa kidole uachie, na kama damu inachukua sekunde nyingi kurudi ukilinganisha na upande wa pili, hiyo si kawaida. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua si ya kawaida. Siku ya pili au ya tatu vikitokea vipele vyenye usaha kwenye eneo moja, usidhani ni chunusi au aleji. Barafu usiweke, hubana mishipa zaidi. Kitambaa cha uvuguvugu, na umpigie aliyekuchoma dakika ile ile arudi na hayaluronidesi, nyingi, mara kwa mara hadi rangi irudi. Likiguswa jicho, iwe ukungu, giza, maumivu au kuona viwili, usimsubiri mtu. Nenda hospitali ya Bombo, idara ya dharura, useme kwa sauti: "nimechomwa fila, sioni."

Ndiyo maana kabla ya kukubali fila popote ninakuomba uulize swali moja tu: "Hayaluronidesi mnayo hapa, leo? Naomba niione chupa." Asiyekuwa nayo hana haki ya kukugusa. Akikasirika kuulizwa, amekuokolea pesa.

Kuhusu kuchanganya vyote siku moja nitakuwa mkweli: madaktari wazoefu hufanya, na kwa mtu ambaye uso wake wameshaujua ni salama. Huanza na fila, kwa sababu inahitaji kubonyezwa na kufinyangwa, kisha sindano ya misuli mwishoni, maana ukiifinyanga hiyo dawa huhamia msuli usiokusudiwa. Kwa mtu wa mara ya kwanza siafiki. Alinijia mama mmoja siku ya nne baada ya kuchomwa vyote kwa mpigo, ndita, panja na chini ya macho. Jicho la kushoto kope limeshuka, na chini yake pamevimba. Aliyemchoma alikuwa amemwambia apakande kwa nguvu ili "dawa isambae", na yeye akapakanda kweli, asubuhi na jioni. Kope ilikuwa imeshushwa na sindano ya misuli, uvimbe ulikuwa wa fila, lakini siku hiyo hakuna aliyeweza kumwapia kipi kimeletwa na kipi, na yeye alikuwa na hakika anapofuka. Kope ilirudi baada ya wiki kadhaa. Usingizi alioupoteza haukurudi. Zingekuwa zimeachana wiki mbili tu, kila moja ingejieleza yenyewe.

Basi tuhesabu miezi, kwa bahati unayo mitano.

Julai hii usichome kitu. Nenda kwa daktari wa meno kwanza, kwa sababu jino bovu ni chemchemi ya vijidudu, na kung'oa au kusafisha meno kukae mbali na fila kwa wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Kama unatumia mkorogo, nao uache leo. Sikuhukumu, naijua mitaa yetu. Lakini krimu zenye steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya kitunguu, na zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwa sababu za kweli. Ngozi iliyochoka hivyo huvilia damu kwa urahisi, na kila tundu la sindano linaweza kuacha doa. Badala yake paka mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, SPF 30 kwenda juu, hasa kwa hizo safari za Raskazone. Mabaka hayaondolewi na sindano yoyote kati ya hizi, na nusu ya kile watu wanachokiita uzee usoni mwetu ni mabaka.

Mwanzoni mwa Agosti, sindano ya misuli, kwenye ndita na kama daktari ataona vyema, kidogo kwenye paji. Siku ya 14 rudi mtazamane. Hapo utajua uso wako unaipokeaje.

Mapema Septemba, mashavu. Sindano ya misuli inatangulia kwa sababu msuli uliotulia unaonyesha mstari gani umebaki, na mara nyingi unakuta fila uliyodhani unahitaji huihitaji. Kwa shavu lenyewe mpangilio huo si lazima sana, kwani misuli ya ndita iko mbali, lakini nataka kila hatua uione peke yake. Mwambie daktari aanze na nusu ya anachofikiri. Kama wewe au ndugu zako mna makovu yanayovimba, yale ya keloidi, mweleze kabla. Atatumia kanula, sindano butu inayoingia kwa tundu moja badala ya matundu mengi. Na uzito wako uwe umesimama, maana ukipunguza kilo nyingine tano baada ya hapo, hesabu yote inaanza upya.

Mwanzoni mwa Oktoba, wiki nne zimepita. Lala chali na kioo tena, simama dirishani tena. Kama mifereji bado inakusumbua, ndiyo sasa iguswe, kidogo. Chini ya macho pana ngozi nyembamba na panavimba kirahisi, nenda hapo mwisho na kwa mtu mwenye mkono uliokwisha kuthibitika, au usiende. Baada ya katikati ya Oktoba, fila basi.

Halafu kuna hesabu ambayo dada wa saluni hajakufanyia. Sindano ya misuli ya Agosti itakuwa inaishiwa nguvu Novemba. Kwa hiyo irudiwe katikati ya Novemba, wiki nne kabla ya harusi, ikiwa imeshapita miezi mitatu, ambao ndio muda wa chini unaoruhusiwa. Siku ya harusi itakuwa imekamilika na imelainika, na kama kuna kosa la kusahihisha, nafasi ipo. Kama mfuko hauruhusu mara mbili, iache ya Agosti, uifanye ya Novemba peke yake. Wiki mbili za mwisho usiguswe na sindano yoyote. Anayekuchoma wiki moja kabla anakupeleka ukumbini na alama ya damu kuvilia chini ya jicho, na sindano ya ndita ikiwa bado haijakolea.

Kuhusu bei ya kundi. Chupa ya sindano ya misuli inayochanganywa kwa maji ya chumvi, kwa maelekezo ya kiwanda cha Botox, ni ya mtu mmoja. Ziko kliniki zinazowagawia watu zaidi, kwa sharti kwamba kila sindano inayoingia chupani ni mpya na haijagusa mtu, na sebuleni hakuna anayelisimamia hilo. Fila hairuhusiwi kabisa: bomba lililofunguliwa ni la mtu mmoja, na lililobaki nusu halihamii uso wa pili hata sindano ikibadilishwa. VVU na homa ya ini hupita kwa njia hiyo hiyo. Tena Botox isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Muulize inasafirije kutoka Dar, kwenye nini, muda gani. Mwaka 2024 huko Marekani watu 22 katika majimbo 11 walidhurika na sindano za namna hii, nyingine za bandia, nyingine zilizochomwa na wasio na leseni au majumbani, na 11 kati yao walilazwa. Ikiwa hayo yanatokea kwao, sisi tusijidanganye. Baada ya kuchomwa, ukiona viwili, ukashindwa kumeza, sauti ikabadilika au pumzi ikawa nzito, hiyo ni sumu imesambaa mwilini, na ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mchomaji awe daktari mwenye usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Boksi lifunguliwe mbele yako, na ile stika yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha ibandikwe kwenye daftari lako ubaki nayo. Ukimkosa wa aina hiyo hapa Tanga, safiri, lakini siku ya fila usipande basi la kurudi. Lala huko usiku mbili, karibu na mtu anayeweza kukuyeyushia.

Aspirini yako usiiache kwa ajili ya uso. Nairudia kwa sababu najua utaambiwa uiache siku saba. Umeandikiwa kwa ajili ya moyo, na atakayeamua ni aliyekuandikia. Alama ya damu kuvilia hufunikwa na poda. Unachoweza kupunguza ni dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ulizojinunulia mwenyewe, na vidonge vya mafuta ya samaki na vya kitunguu saumu. Ukiwa na homa, malaria au jipu, ahirisha. Ukiandikiwa sindano za jentamaisini, mwambie daktari, dawa hiyo huongeza nguvu ya ile ya misuli. Kama hujakoma hedhi na kuna uwezekano wa mimba, pima kwanza.

Wanawake wa Tanga huniuliza pia kama mna nguruwe ndani. Sindano ya misuli hutoka kwa bakteria na huwa na protini ya damu ya binadamu, na fila nyingi za kisasa za hayaluroni hutengenezwa na bakteria kiwandani. Hayaluronidesi nyingine hutoka kwa kondoo au ng'ombe. Soma boksi, na hukumu yake umuulize shehe wako, si mimi. Kuhusu kusujudu, tunawashauri watu wakae wima saa chache baada ya sindano ya misuli bila kubonyeza paji. Panga miadi mara baada ya adhuhuri, na alasiri ikifika muda huo umeshapita. Ushungi usiufunge kwa kukaza siku hiyo. Nyusi tinda kabla, si baada. Na kusingwa, liwa, kujifukizia udi uso kwa uso, kukandwa na somo wako, vyote hivyo vikae wiki mbili mbali na sindano ya mwisho. Ukifuata miezi niliyokupangia, siku za singo utakuwa huru kabisa.

Bibi harusi mwache. Kwa umri wa kuolewa ndita hana, na kama ataanza kutafuta mtoto mara baada ya harusi, dawa hizi hazitumiki kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Akiwa na chunusi au mabaka, aje mapema, Julai hii hii, hayo yanatibika kwa dawa za kupaka na yanataka miezi.

Wewe sasa anza na picha tatu, asubuhi, pale pale dirishani, kabla ya poda: moja umetulia, moja umekunja uso, moja umecheka. Zitoe na picha yako moja ya miaka mitano iliyopita, kabla ya kupungua. Ukifika kwa daktari mpe zote nne kabla hajakuuliza unataka nini.